Mguu wa Baba, Sura ya Tisa

3 Machi

Dada fundi cherehani,
U mzima? Mimi chuma kitupu, kama mageti ninayochomelea. Haya, shika roho: riwaya nimeimaliza! Madaftari saba, mimi niliyeacha shule mwalimu akamshukuru Mungu. Nakutumia usome upesi, nataka kuipeleka kwa mchapishaji. Shujaa ni mimi, namuuguza baba mpaka anakata roho. Utalia, nakuonya.
Mdogo wako, Mtunzi

11 Machi

Mdogo wangu,
Hatujambo, ila mgongo ndio huo huo. Nimesoma yote, madaftari nakurudishia. Sikulia. Usiipeleke. Gauni la kukatwa mshazari silipindi upindo siku ninayolikata. Nalitundika kwanza, kitambaa kishuke kinakotaka, ndipo naona upande gani umezidi. Yafungie wiki sita, usiyachungulie. Halafu soma kwa sauti, kama kazi ya adui yako.
Dada

15 Machi

Dada mwenye wivu,
Pole na mgongo. Wiki sita! Hata kuku anaatamia tatu tu. Haya, yako kwenye sanduku la vifaa, ufunguo anao bosi. Nakuridhisha tu, maana hakuna cha kurekebisha.
Mtunzi

2 Mei

Dada,
Shikamoo. Mgongo umepoa? Nimesoma kwa sauti, karakana nzima ikasikia. Sura ya pili namfunga baba kidonda mguu wa kushoto. Sura ya tisa, wa kulia. Mafundi wamecheka mpaka wakakaa chini: "Wewe muuguzi gani, mguu wa mgonjwa huujui?" Ulikuwa upi?
Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,
Huku salama. Wa kulia, chini ya goti. Nilimfunga asubuhi na jioni, miezi minane. Wewe ulikuwa mpirani na timu yako. Niliona tangu nilipoisoma, nikasema utaona mwenyewe.
Dada

20 Juni

Dada,
Shikamoo. Afya ninayo. Yule kijana nimemtoa chumba cha mgonjwa. Nimemweka msichana, na beseni, na bandeji. Sura zote tisa nimeziandika upya, ila nimekwama mahali pamoja: ulipokuwa unamfunga, baba alikuwa anasema nini? Sijui hata neno moja. Usipotaka kuniambia, naacha ukurasa mweupe.
Mdogo wako

1 Julai

Mdogo wangu,
Mgongo umepoa kidogo. Alikuwa anauliza kama mmeshinda.
Dada