Kidole kwenye verni

Kapata, Alhamisi

...na bado mkono wangu unanuka samaki, ingawa nimenawa kwa sabuni na limau.

Tangu asubuhi nilifunga madirisha na kumwagia sakafu maji, ili vumbi la malori lisinase kwenye verni mbichi niliyopaka kung'arisha gitaa la kwaya. Joto lilikuwa la kuua. Lakini ile pete ya mawe ya malakiti niliyolizungushia tundu la gitaa iling'aa kijani kibichi, nikajipongeza peke yangu.

Halafu akaingia mwalimu wa kwaya, ametoka tu kula samaki thomson wa kukaanga, midomo inameremeta mafuta.

"Mama, imekauka?"

"Bado, tata, usi..."

Akabonyeza. Dole gumba zima, kando kabisa ya malakiti. Alipoliinua, verni ikavutika kama kamasi. Yakh! Akajipangusa kwenye kitambaa changu cha kupakia verni, kile safi cha pamba.

Mi nikakiokota, mafuta ya samaki yakanishika mkononi. Yeye akazunguka karakana, akatazama mbao, akarudi kuinamia gitaa.

"Mama, juu ya nini pale kuko doa?" Ananiuliza sababu, huku anaonyesha alama ya kidole chake mwenyewe! "Kazi ya mukono iko vile tu. Ya fabrike, ya mashini, haina na doa."

Kesho nitakwangua. Naogopa malakiti isije ikang'oka pamoja na verni, na Jumapili padri analibariki gitaa mbele ya watu wote.

Lakini kinachonitia kinyaa kuliko samaki ni huu mdomo wangu. Nilimjibu nini?

"Pardon, tata. Nitatengeneza."