Kayaki ya Fundi Solomoni Haiuzwi

Mwaka umetimia, Solomoni, tangu ulipotutoka pale dukani kwako Tengeru, saa saba mchana, bisibisi mkononi na betri za watu zimepangwa mbele yako zikisubiri kuchajiwa. Tunaanza na hilo makusudi. Ulifia dukani, juu ya kiti chako. Daktari alisema ni presha, na sisi tunamwamini daktari. Wale waliozunguka tangu siku ya mazishi wakisema umeuawa na maji ya bwawa, au na samaki uliokuwa unawala, wasome hapa mara mbili, kisha watafute kazi ya kufanya.

Tunakumbuka upole wako. Televisheni zilipoanza kuingia Akheri na umeme wa nguzo haujafika, nyumba nyingi zilitazama taarifa ya habari kwa kazi ya mikono yako. Mtu akileta betri iliyokufa kabisa, hukumwambia kabla hajanywa chai. Ulisema habari mbaya haipokelewi na tumbo tupu. Ulipima maji ya betri huku ukipiga mluzi wa nyimbo za ibada, na ulikuwa unaukosea wimbo mahali palepale kila siku.

Halafu ukanunua kayaki, na hapo ndipo watu walipoanza kukusema.

Miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa na bidhaa za kila namna zikamwagika mjini, rafiki yako Jamaldini wa Kaloleni, mzaliwa wa Pangani, alinunua vitu vya mradi mmoja wa Wazungu uliokuwa unafunga ofisi. Kati ya meza na majokofu kulikuwa na mtumbwi mwembamba wa plastiki ngumu, wa kijani, wenye viti viwili. Jamaldini mwenyewe hakujua atamuuzia nani. Wewe ulijua. Lile bwawa la setla chini ya Akheri lina besi, samaki wa mdomo mpana walioletwa na masetla kwa ajili ya mchezo wao. Masetla waliondoka, samaki wakabaki, wakanenepa bila kuguswa na mtu, kwa sababu wazee wetu walishasema samaki ni nyoka wa majini na atakayemla asitusogelee.

Mkeo Ndeshi alikuwapo siku ya kuchagua mota. Alikaa juu ya robota la viatu vya mitumba, amenuna. Jamaldini aliweka mota mbili mezani, zote za umeme, za kufungwa nyuma ya chombo. Moja kubwa, shingo nene. Nyingine ndogo, ungedhani ni mtoto wa ile ya kwanza. Wapita njia watatu walisimama kutazama, na wote watatu wakakushauri uchukue kubwa.

“Fundi, ukitaka kitu nunua kitu,” alisema mmoja wao. “Hiyo ndogo ni ya kuchezea watoto.”

Ulimuuliza Jamaldini kila moja inakula umeme kiasi gani, ampia ngapi, ukapiga hesabu kwenye ubavu wa katoni, ukamgeuzia aisome. Kubwa ingemaliza betri kabla saa mbili hazijatimia. Ndogo, kwa mwendo wa kati, ingekwenda saa tano.

“Lakini kubwa ina nguvu, ndugu yangu,” alisema Jamaldini, aliyetaka kuiuza.

“Nguvu ya kunipeleka wapi? Hiki chombo ni chembamba, si lori la magogo. Nikifika katikati ya bwawa betri ikaisha, hiyo nguvu itanirudisha?”

Ukachukua ndogo. Betri ya gari ukaikataa. Ulisema hiyo imezoea kutoa nguvu kwa mkupuo, inawasha injini kisha inapumzika. Ukataka ya sola, inayotoa polepole mpaka mwisho. Ufito wa kuvulia ukachagua wenye kishikio kifupi, kwa sababu kwenye kayaki mtu hukaa chini kabisa, na kishikio kirefu humchoma tumboni. Uliufunga, ukaufungua, ukakaa sakafuni katikati ya duka la watu ukajifanya unavua. Ndeshi alisema yeye hukumchagua kwa makini hivyo. Mwisho ukaomba majaketi mawili ya kuelea, na la pili ukalipima mgongoni kwake bila kumuuliza.

Hakulivaa. Miaka mitatu ulimwomba muende wote, kila Jumamosi, naye kila Jumamosi alikuwa na sababu: nguo za kufua, kwaya, mguu unauma. Ukweli ni kwamba aliogopa maneno. Wenzake wa kwaya walishaanza kumwita mke wa mvuvi, na Umeruni kwetu hilo si jina la kumsifia mtu. Ukawa unakwenda peke yako, na kwenye kiti cha mbele ukaweka betri. Hilo linamuuma, Solomoni. Ametuomba tuliandike hapa wazi, ili asiendelee kulificha.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa kugawa vitu vyako. Makoti yalipata wenyewe, redio ikapata mwenyewe. Mdogo wako Sifael akachukua mota, akasema mota ni mota, haikosi kazi. Kayaki haikutakwa na mtu. Mzee Yoeli, mkubwa wa ukoo, akatoa neno: chombo kikae nyumbani, na mwaka ukitimia bila mtu wa nyumba hii kukitumia, kiuzwe. Sifael alikubali haraka mno. Alijua wanao wako mbali, Elifuraha yuko Dar es Salaam kazini, Diana yuko chuoni, na shemeji yake ni mtu anayeogopa maji yaliyozidi beseni. Tulisikia baadaye kwamba alishaongea na mnunuzi, mwenye kambi ya watalii, kabla hata udongo wa kaburi haujakauka.

Hapa utacheka, maana na sisi tulicheka msiba ungali mbichi. Sifael alikuwa na mbege ya kukoroga kwa ajili ya harusi ya jirani. Akaona ya nini kujichosha na mwiko, na mota ipo. Akaazima betri, akaitumbukiza mota kwenye pipa, ndizi na ulezi vimeshashikana, akawasha. Ilizunguka mara chache, ikakwama, kukawa kimya. Watu waliokuwapo walikunywa ile mbege hivyohivyo. Mwezi uliofuata akaileta mota kwa Ndeshi, bado inanuka.

“Shemeji, chukua chuma chako,” alisema. “Kimekufa kama mwenyewe.”

Ndeshi alimpa chai, akaipokea mota. Amekaa dukani kwako miaka kumi na minane akikushikia tochi, na fyuzi anaijua. Uliiweka wewe mwenyewe kwenye waya, hatua moja kutoka kwenye betri, ukisema afadhali afe askari kuliko mfalme. Sifael alipoondoka, Ndeshi aliosha mota kwa maji ya moto, akachokoa ulezi kwenye panga lake la kusukuma maji, akafungua kikasha cha fyuzi. Ilikuwa imeungua. Akaweka nyingine, akaunganisha betri, panga likazunguka. Hakumwambia Sifael, wala hakumwambia mtu mwingine kwa wiki nzima. Lakini ni yale maneno, kimekufa kama mwenyewe, yaliyomtoa nyumbani.

Jumatano iliyofuata alivaa lile jaketi. Jamaldini alifunga duka akaja kusimama ukingoni mwa bwawa, kamba ya kayaki mkononi.

“Usitazame maji, shemeji. Tazama unakokwenda.”

“Na nikizama?”

“Jaketi hilo halitakuruhusu. Nami nipo. Kwetu mtoto anaogelea kabla hajajua kutukana.”

Ndeshi alikosea siku hiyohiyo. Aliona betri ni nzito, akaiweka nyuma karibu na mota ili waya ufike bila kuvutwa. Yeye nyuma, betri nyuma, mota nyuma. Pua ya kayaki ikainuka, upepo wa kutoka mlimani ukaidaka, ukawa unaizungusha kama ungo. Alirudi kwa kasia, akitukana kwa Kimeru, lugha ambayo kwa bahati Jamaldini haijui. Ndipo alipoelewa kwa nini betri ulikuwa ukiiweka kwenye kiti cha mbele. Miaka yote alidhani umeiweka pale kumsuta. Kumbe ulikuwa unatafuta uzito wa mtu.

Akahamishia betri mbele, akaifunga kwa mpira wa baiskeli, akaingia tena. Akajifunza yale uliyokuwa ukituhubiria mezani na sisi tukisinzia: kwamba besi hukaa kwenye kivuli cha matete na masikio yake ni makali, kwamba mota huzimwa mapema na chombo kikaachwa kiteleze chenyewe, kwamba majani yakijisokota kwenye panga unazima kwanza ndipo unapeleka mkono. Wiki sita hakupata kitu. Ya saba alipata besi mmoja, mkubwa kuliko kiganja cha Elifuraha mara mbili. Alimpika kwa nyanya na ndimu kama alivyofundishwa na Hafidha, mke wa Jamaldini, na akamla mlango ukiwa wazi, harufu ikapanda mpaka kwa jirani. Kwenye kwaya walimuuliza kama ni kweli. Aliwaambia ni kweli, na kwamba wakitaka kuonja waje na sahani zao.

Basi Sifael akasikia. Akaenda kwa Mzee Yoeli kueleza kwamba ukoo uliposema mtu wa nyumba ulimaanisha mwanamume wa nyumba, kwa hiyo kayaki haijatumika kisheria na mnunuzi aje. Mke wa Mzee Yoeli, ambaye wewe ulimpenda na yeye alikupenda, akamdokeza Ndeshi sokoni.

Jumamosi iliyopita walikuja na pikapu: Sifael, mnunuzi, na Mzee Yoeli kama shahidi. Wakakuta ghala tupu. Wakateremka bwawani, wakamkuta Jamaldini amekaa kwenye jiwe, na Ndeshi yuko katikati ya maji.

“Shikamoo, Mzee Yoeli,” alipaza sauti kutoka kule.

“Marahaba, mama.”

“Shemeji, njoo ukingoni tuongee,” alisema Sifael.

“Ongea tu. Nakusikia.”

“Mwaka umetimia. Mteja huyu hapa. Hicho chombo ni cha ukoo.”

“Basi ukoo uje uchukue.”

Walitazama maji. Sifael aliingiza kiatu kimoja, akakitoa. Mnunuzi, mtu wa mjini mwenye miadi yake, akamuuliza Jamaldini betri ya kitu kile inakaa muda gani.

“Saa tano,” alisema Jamaldini. “Na ameingia sasa hivi.”

Mzee Yoeli alikaa chini kwenye majani, akaweka bakora mapajani. Alitazama muda mrefu jinsi kayaki ilivyokwenda, ikageuka, ikarudi.

“Sifael, siku ile tulisema nini?”

“Tulisema kitumiwe na mtu wa nyumba.”

“Na yule pale ni mtu wa nyumba gani?”

Sifael aliinama akafuta kiatu chake.

“Mimi nakiona kinatumika,” alisema mzee. “Mwombe mgeni radhi, umemchosha bure.”

Pikapu ikapanda mlima tupu. Walipopotea kabisa Ndeshi alizima mota. Akalia kwa sauti, hakujibana, na Jamaldini akageuka kutazama upande wa Mlima Meru ili ampe nafasi. Kisha mkeo akafuta uso kwa kanga, akatupa ndoano. Hakupata kitu siku hiyo. Alikaa mle mpaka alasiri.

Waliotuuliza kama tunamwombea mama aache sasa tunawajibu hapahapa: hatumwombei. Tunamwombea upepo mzuri. Na wale wanaosema mjane mwenye heshima hakai majini, waje wamwambie wenyewe. Wanajua aliko.

Ibada ya shukrani ni Jumapili hii hapo usharikani Akheri, saa nne asubuhi, kisha chakula nyumbani. Kutakuwa na ndizi, kutakuwa na nyama, na kutakuwa na samaki kwenye sufuria kubwa, katikati ya meza, bila kufunikwa. Sifael tumemwalika. Ni mdogo wako, hatumfukuzi.

Unakumbukwa na mkeo Ndeshi. Wanao Elifuraha na Diana. Dada yako Aikaeli wa Nkoaranga. Mzee Yoeli na mkewe. Rafiki yako Jamaldini na Hafidha wa Kaloleni. Na wote ambao betri zao ulizifufua.

Mungu alikuleta kwetu, naye amekuchukua, hilo tumelikubali. Mengine yanayosemwa hatuyakubali. Hatujakusahau, Solomoni, na hatuna mpango wa kukusahau.