Lozan, Mwaka Huu Unacheka Mlangoni Kwako

Mwaka mzima umepita, Lozan wetu, tangu ulipoinamisha kichwa juu ya meza ya studio mchana kweupe, miwani ingali puani, nasi tukadhani unachagua picha. Tulikuacha uchague. Mkeo Tsonka alipokuja kukuitia chakula, maharage yalikuwa yameshapoa, nawe pia.

Ulikuwa mtu wa taratibu. Kila asubuhi ulinyolewa na rafiki yako Penko, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mkabishana juu ya mpira mpaka povu likakauka shavuni. Chakula ulikipuliza hata kikiwa baridi. Viatu vya wateja ulivifuta mwenyewe, hata kama picha ilikuwa ya kichwa na mabega tu. Ulisema mtu mwenye viatu safi hukaa vizuri.

Kitu kimoja hukuwahi kumwambia mtu: "Cheka." Ulisema uso ukiamrishwa hucheka kama askari. Wewe ulitega kitendawili. Mtu alikuna kichwa, akatazama dari, nawe ukangoja. Jibu likimjia, uso unafunguka kama dirisha asubuhi, na hapo ndipo unabonyeza.

Na vitendawili ulivitoa wapi? Jikoni. Mkeo alivirithi kwa bibi yake kijijini, na vingine alivitunga mwenyewe akichoma pilipili hoho za kuweka kwenye chupa. Ulikuwa ukichungulia mlangoni mbio mbio.

"Mama Milka, nipe kimoja haraka! Nina bingwa wa mieleka kitini, amenuna kama mkate uliokosa hamira."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu ina giza, wageni huingia hawana sura, hutoka wana nyuso."

Ukakimbia nacho. Bingwa yule alihangaika, akataja kaburi, akataja tumbo la mama, mpaka macho yakamwangukia mlango wa chumba chako cha kusafishia picha. Akacheka mpaka kiti kikalia. Picha ile ilikwenda kwenye magazeti, na watu wakasema mpiga picha wa mji wetu wa Ruse ana jicho. Hakuna aliyesema ana mke.

Tena kulikuwa na jambo la mwanga. Ulisema picha ya kwanza ya kila filamu huungua pembeni, haifai kupewa mteja. Basi ukamwita mkeo. "Njoo ukae nipime mwanga." Akaja na aproni yake, unga mashavuni, mdomo haunyamazi, akakaa mbele ya taa. Mara tu alipoanza kusikia raha ya lile joto, ukamwambia ainuke, mwenye kiti amefika.

Mwenye kiti, mara nyingi kuliko roho ya mkeo ilivyoweza kubeba, alikuwa Evdokia. Mji mzima ulimjua Evdokia mwimbaji wa opera. Alikuja kupigwa picha ya bango. Akaja tena kwa bango jingine. Akaja kwa sababu amenunua koti. Picha yake ikakaa katikati ya dirisha la studio, mahali pasipopigwa na jua, na pembeni yake ukawapanga wengine: bingwa wa mieleka, Penko na masharubu yake, binti yetu Milka akiwa hana meno ya mbele. Mkeo hakuwemo. Kila asubuhi alilifuta dirisha lile, na kitambaa kilipofika kwenye pua ya Evdokia kilisugua kwa nguvu za ajabu.

"Lozan, mtoe yule dirishani, japo wiki hii. Weka hata paka."

"Anavuta wateja, mama."

"Anavuta na mengine."

"Unaionea wivu karatasi?"

"Karatasi ndiyo inayoshika moto, baba."

Ulicheka ukaenda zako chumba cha giza. Mkeo akabaki na mke mwenza wa karatasi, asiyekula, asiyezeeka, asiyeumwa mgongo.

Ulipotutoka ilibidi tubandike tangazo la msiba lenye picha yako langoni, kituo cha basi, na kwenye mti wa mbele ya duka la mikate, kama kila nyumba inavyofanya hapa. Ndipo tukajua kwamba mtu aliyeupiga picha mji mzima hana picha yake hata moja. Tukakuza ile ya kitambulisho. Utusamehe. Ulionekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Siku ya arobaini tulibandika tena, na picha ile ile. Asubuhi yake mkeo alikwenda kununua mkate. Mtini, ubavuni mwa tangazo letu, akakuta tangazo jingine, karatasi nzuri kuliko yetu. Chini yake iliandikwa: "Rafiki yako, Evdokia." Na humo wewe ulikuwa unacheka. Kichwa umekitupa upande, macho yamezama, meno yote nje hadi lile bovu. Kituo cha basi, vile vile. Watu walisimama wakamtazama Lozan wa mkewe, wakamtazama Lozan wa Evdokia, wakachagua.

"Huyu ndiye Lozan mwenyewe," alisema muuza mikate, kidole kikiwa kwa yule wa pili. Kisha akamwona mkeo nyuma yake. "Ah, mama Tsonka... nakupa huu wa moto?"

"Nipe wa jana," mkeo akajibu. "Wa moto wape wageni."

Baadaye tulisikia kwamba picha ile aliipiga Evdokia mwenyewe, kwa kamera yako, ndani ya studio yako. Mkeo hakujua kama uliwahi kumpa mtu mwingine kamera ile aishike. Yeye hukumruhusu hata aifute vumbi. Akaapa mbele ya Milka kwamba mwaka ukitimia, tutakapobandika tena, mitini hapatakuwa na Lozan wawili. Atakuwa mmoja, na atakuwa wa nyumbani.

Basi tukapekua masanduku. Tuliwakuta waigizaji, mabibi harusi, wachezaji, watoto wa ubatizo, na Penko wa kila mwaka, masharubu yakinenepa kisha yakipungua. Wewe tulikuona mahali pamoja tu: kivuli chako kimelala miguuni pa bibi harusi mmoja, kiwiko kimeinuliwa.

"Mama, twende tumwombe Evdokia ile yake," Milka akasema.

"Nimwombe mume wangu?"

"Umwombe picha."

"Picha ndiyo iliyobaki ya mume wangu. Ni kile kile."

Hata hivyo alikwenda. Alivaa koti lake la sikukuu, akapanda ngazi za nyumba ya Evdokia akipumzika kila kona, akijipangia maneno makali. Mlango ukafunguliwa na bibi kizee aliyevaa malapa, nywele nyembamba kama uzi wa buibui. Maneno makali yakapungua kidogo. Hayakuisha.

"Karibu, Tsonka. Nilidhani ungekuja mapema."

"Sikuja kukaa," akasema mkeo, akakaa.

"Kahawa?"

"Sinywi." Akanywa. "Evdokia, mwaka huu usibandike."

"Kwani mti ni wako?"

"Mti si wangu. Mtu ndiye wangu."

"Alikuwa wako jioni zote. Mimi nilimpata kidogo kidogo, na kamera katikati yetu. Hata hicho kidogo unakitaka?"

"Nakitaka."

Evdokia akacheka mpaka akakohoa, mkeo akamsogezea maji.

"Nikwambie kitu, Tsonka? Kila nilipokwenda pale nilikikuta kiti kina joto. Kila mara. Nakaa, taa zinawaka, Lozan ananitegea vitendawili, na mimi huku chini nasikia joto la mtu mwingine. Nilikuwa nakuchukia."

Mkeo hakulitegemea hilo. Alizungusha kikombe kwenye kisahani.

"Siku ile alikuwa anacheka nini?"

"Sijui. Kamera ilikuwa imewekwa tayari, nikabonyeza kwa utundu. Alikuwa ametazama mlangoni."

"Mlango upi?"

"Kuna wa barabarani na kuna wa jikoni. Sikumbuki ni upi, na uongo sitakuambia, ingawa ungekufurahisha."

"Basi nipe hiyo picha."

"Filamu iko kwenu, ilikuwa siku ya bango langu la mwisho. Chukueni. Mimi sitabandika tena. Ila kwenye tangazo lenu mniandike jina."

"Pamoja na familia?"

"Hata chini kabisa. Mimi nikifa, Tsonka, hakuna wa kunibandika hata langoni. Acha nionekane mtini mara moja nikiwa na watu."

Mkeo alimaliza kahawa, akaondoka bila kumwahidi kitu. Alirudi nyumbani, akamwambia Milka atafute kwenye filamu, maana tulikuwa tumepekua picha zilizosafishwa tu. Milka aliipata filamu ya bango lile, akaiinua dirishani. Nyuso zilikuwa nyeusi na nywele nyeupe, kama filamu zilivyo, lakini tuliwajua. Picha ya kwanza, iliyoungua pembeni, ni mkeo kitini, mdomo wazi, anasema jambo. Picha ya pili ni wewe, unacheka.

Kati ya hizo mbili upo mstari mwembamba usio na kitu. Labda ulikuwa unacheka neno alilolitupa mkeo akielekea jikoni. Labda ulikuwa unamchekea mtu anayeingia kutoka barabarani. Mkeo ameutazama mstari ule mpaka macho yakamwuma. Maisha yake yote hakuwahi kushindwa kitendawili wala kumpa mtu mji. Hiki kimemshinda, Lozan. Amekupa Ruse yote, na daraja, na mto wake. Chukua mji, utoe jibu. Hutoi.

Alitaka picha zote mbili zibandikwe pamoja, watu wajue nani alitangulia kwenye kile kiti. Penko akashika kichwa.

"Shemeji, mtu hai habandikwi mtini! Unajiita mwenyewe huko?"

"Basi niache nimfuate nikamwulize."

"Huko hakuna haraka. Na huyo mwimbaji mwache, filamu mnayo, hamumhitaji tena."

Ni kweli, hatukumhitaji. Milka alikwisha andika majina yetu, na karatasi ilikuwa imejaa vizuri. Mkeo alikuwa anachemsha ngano ya kukupelekea makaburini, kama ilivyo desturi yetu kwa marehemu. Aliichuja, akaitandaza kitambaani, akainyunyizia sukari. Roho ilimwuma, tusikufiche. Jina lile mtini chini ya uso wako, na macho ya mtaa mzima! Muuza mikate atasoma, atasema nini? Mwishowe akapangusa mikono.

"Mwandike."

"Wapi, mama?" Milka akauliza.

"Mwisho."

"Niweke 'rafiki'?"

"Rafiki ni Penko. Yeye mwandike alivyokuwa."

Kwa hiyo, Lozan, leo uko langoni, uko kituo cha basi, uko kwenye mti wa mbele ya duka la mikate, na ni wewe mmoja tu, unacheka na jino lako bovu. Jumapili baada ya ibada tutakuja na ngano, mkate, na divai nyekundu, na nyingine tutakumiminia kinywani mwa ardhi. Wote waliokaa kwenye kiti chako wanakaribishwa.

Wanaokukumbuka ni mkeo Tsonka, binti yako Milka na mumewe, mjukuu wako Yoana uliyemfundisha kukaa bila kutikisika, rafiki yako Penko, na Evdokia, uliyempiga picha.

Hatutakuacha utoke mioyoni mwetu mpaka siku tutakapokufuata. Evdokia naye aje Jumapili, ila kaburini asimame upande wa miguuni. Kichwani pana mwenyewe.