Mti Mbichi Ulikuwa Wangu

Muzee wangu,

Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike, na karakana yetu ya Katoyi ingali wazi. Nimechonga chukudu mbili, hizi baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, na moja imeshauzwa. Wateja wanauliza kama mbao ni kavu. Nawajibu ndiyo, na sasa ni kweli.

Nakuandikia kwa sababu ya Papa Bahati. Hakuja matangani. Watu wa Majengo walimngoja, maana wanajua mlivyotoka naye Masisi kwa miguu, mkibadilishana kubeba watoto wenu wakati wa vita vile vya kwanza. Mimi nilikuwa nagawa chai. Katika watu wote waliokaa pale, ni mimi tu niliyejua kwa nini hayupo.

Miaka sita iliyopita barabara ya kaskazini ilifungwa, mbao zikaadimika, na kila aliyekimbia alitaka chukudu ya kusukumia mizigo yake. Wewe ulikuwa unazianika mbao za uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, juu ya moshi wa jiko la Mama, mkeo, miezi na miezi. Mimi mwanafunzi wako sikuwa na subira hiyo. Asubuhi moja ulipokuwa kanisani nilikata mkaratusi mbichi, nikaupaka oili chafu ya gari ili uonekane mkavu, nikaufunga kwenye chukudu ya Papa Bahati. Kwenye mteremko wa Kibumba, na magunia matatu ya viazi, uma ukapasuka. Mguu wake haukunyooka tena.

Alipokuja akiegemea fimbo kuuliza nani alichonga ule uma, nilifungua kinywa. Ukanitangulia: "Ni miye." Baadaye ukaniambia tu, "Weye uko na batoto, na kazi ndio unaanza. Acha ikuwe ya miye." Nikaacha. Kosa la kwanza nililifanya kwa haraka, asubuhi moja. Hili la pili nililirudia kila siku kwa miaka sita.

Hukumsema vibaya hata mara moja. Mlipokutana sokoni ulimsalimia, naye akapita. Ukamsalimia tena wiki iliyofuata. Vita viliporudi na mtaa mzima ukawa unafunga virago, ulinituma kwake na chukudu yetu nimbebee magodoro, ukanionya nisiseme nimetumwa. Nikasema napita tu. Alinishukuru mimi, Muzee, na nikaipokea shukrani hiyo. Hadi leo nikikumbuka naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Jumamosi nilikwenda kwake. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuzungumzia mvua. Hakupiga kelele. Aliutazama mguu wake, kisha akasema, "Kumbe nilimunyima Muzee salamu bure, ile miaka yote." Akalia. Sikuwahi kumwona mzee wa rika lenu akilia.

Mama ameniambia kwamba kesho yake Papa Bahati alikuja kaburini kwako peke yake, akakaa hadi mvua ikamfukuza. Sijui alikuambia nini. Hayo ni yenu wawili.

Mimi sijasamehewa, usidhani. Anapita mbele ya karakana kila asubuhi na kugeuza uso. Silalamiki. Salamu alizokunyima wewe zilikuwa za kunyimwa mimi tangu mwanzo. Ajabu ni kwamba nalala vizuri kuliko zamani, ingawa nimempoteza fundi wangu na mzee mmoja wa mtaa hataki kuniona.

Pumzika sasa, Muzee. Nakuahidi nitaendelea kumsalimia, akijibu au asipojibu. Wewe ulingoja jibu lake miaka sita, ukafa hujalipata. Mimi niliyekukosesha jibu hilo sina haki ya kuchoka kabla yako.