Mlakasa Wako Umeshika Mchanga

Mama yangu niliyekupata kwa ndoa,

Nimetoka makaburini sasa hivi, mchanga bado umo kwenye kandambili. Nimeona nikuandikie kabla sijabandika maharage, maana nikishaanza kupika nitasahau nusu, na wewe hukupenda habari nusu.

Unakumbuka nilipoletwa kwako, pale karibu na ziwa Singidani, nikakuta nyuma ya nyumba mmea unatambaa kwenye mchanga mtupu, majani yamepasuka kama kwato za mbuzi? Mtoto wa mkulima mimi, nikadhani ni gugu. Ukacheka. "Huo mlakasa, nimetoka nao Pangani. Kwetu ndio unaoshika mchanga wa ufukweni usiende na upepo. Hapa mchanga upo, chumvi ipo, na upepo ndo usiseme. Utakaa." Ukanionyesha kutandaza kamba zake, kufukia kila kifundo, kutia maji kidogo mpaka ushike, kisha kuuacha. Huko kuuacha ndiko kulikonishinda.

Halafu baba yangu akaja kutoka Sepuka kukusalimu, na gunia la samadi kwenye baiskeli. "Mkwe, hii ya zizini kwangu mwenyewe. Nimesikia una bustani." Ulijua mlakasa hauitaki, lakini zawadi ya mkwe hairudishwi. Ukaimwaga yote mbele yake huku ukimshukuru, naye kasimama kifua mbele. Alipoondoka ulicheka mpaka ukafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, leo mlakasa umepata mtihani." Samadi iliuunguza karibu wote, ukabaki ule uliokuwa umepenya chini ya uzio. Kila baba alipouulizia ulimjibu kwamba unaendelea vizuri. Hukusema uongo; uliendelea, ila upande wa pili wa uzio.

Ulituusia tusikujengee kaburi kwa saruji. Tukatii. Kiangazi kilipoingia, upepo ukaanza kula tuta lako, na kila Ijumaa tulilikuta limepungua. Hamisi, mwanao, akasema, "Mimi najenga. Mama atanisamehe, siwezi kumpoteza mara mbili." Sikuweza kumlaumu mume wangu, nami niliogopa hilo hilo. Nikamwomba anivumilie mpaka mvua zipite.

Nikakata kamba za mlakasa wako nikazipanda pale. Za kwanza zilikauka. Nikarudia, nikafukia vifundo chini zaidi, kisha nikajizuia kwenda kuchungulia. Wewe unanijua, ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima.

Leo tumekwenda wote. Kuna maua ya zambarau upande wa miguuni. Hamisi akachuchumaa, akavuta kamba moja taratibu. Haikutoka. Akavuta tena kwa nguvu, haikutoka. Basi akakaa chini pale pale akalia, yeye aliyekuzika bila chozi. Saruji hatununui tena.

Nikuambie na hili. Siku ya msiba nilisikia mtu akiuliza nani yule anayelia hivyo, akajibiwa, "Ah, mkwe tu huyo." Neno hilo liliniuma. Miaka yote Hamisi naye amekuwa akisema "mama yangu", na ni haki yake. Leo amejifuta uso, akapapasa yale majani, akaniambia, "Mama yetu hajaenda popote."

Lala salama, Mama. Ninakukumbuka mno.

Binti yako,
wa Sepuka