Bosi Aliyekataa Mizani

Jumanne, mwezi wa nane, 1974

Yule jamaa wa kampuni mpya ya ndege simwamini hata kidogo. Ananitaka nihamie kwake, ati atanipa ndege mpya, nyumba Mwanza na kofia yenye nembo. Mimi, rubani niliyeanza kwa kuosha ndege za mapadri, darasa la nne sikulimaliza! Sawa, hakuna mwingine anayetua Bugarama huku anasukuma ng'ombe kwa tairi. Lakini mbona ana haraka hivyo?

Leo kataka nimrushe Geita, aone kazi yangu. Nikamwambia apande kwanza mizani ya pamba kama abiria wangu wote. Hata askofu nilimpima, akashuka anaapa kufunga. Jamaa akapanda anacheka. Nikasema, "Na hicho kimfuko, bosi." Akakikumbatia kama kichanga.

"Hiki kidogo tu, mzee. Kwetu mzigo wa bosi haupimwi."

"Basi kwenu mnazika marubani wengi!"

Akakasirika, akapanda gari lake akarudi mjini. Kimfuko kidogo vile, na bega limemwinama! Kuna nini humo kama si dhahabu ya magendo? Siku akikamatwa nayo, atakayeenda jela ni mimi niliyeshika usukani.

Roho inaniuma, nasema kweli. Ndege ninayorusha sasa imechoka, na nafasi kama hii sijui kama itarudi. Lakini siendi.

Mama Kulwa kanuna, nyumba ya Mwanza alishaanza kuiota. Nikamuuliza, "Unataka nyumba au unataka mume?"

Kasema nimwache kwanza afikirie.