Kona ya Kayaba Shambani Njoro

Mpendwa Baba,

Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo usitafute humu adabu zote ulizonifunza. Shamba la Njoro limeuzwa. Kamau, kifungua mimba wako, ameliuza na wewe ukiwa ndani.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitutoa kwenye chapati za Krismasi na kutupeleka na majembe hadi kona iliyozungushiwa ua wa miiba ya kayaba? Tuliwapalilia makaburi nyanya yetu shosho, mama na mdogo wetu Wairimu, kisha tukapanda yale maua meupe. Ulikataa katakata makaburi yajengewe. "Simiti ni ya wale watoto wao wamechoka," ulisema. Kamau alianza kulalamikia mgongo tangu akiwa mtoto. Wewe ulicheka. Mimi sikucheka, maana sehemu yake niliimalizia mimi.

Nawe tulikulaza hapo hapo, bila simiti, kama ulivyotaka. Hukumaliza hata mwaka humo kabla ya shamba kuuzwa.

Wiki iliyopita jirani alinipigia simu kwamba kayaba inang'olewa. Nilitoka Lanet na nguo za kazi, nikakuta trekta imefika miguuni pako. Mwenye shamba mpya, mtu mpole kutoka Gilgil, alinitazama kwa mshangao.

"Mathe, brother yako aliniambia hapa hakuna mtu amezikwa. Alisema ni kichaka tu."

"Na haya maua?"

"Mimi niliona maua tu. Hakuna msalaba, hakuna simiti. Ningejuaje?"

Hapo, Baba, nilikukasirikia hata wewe. Ulidhani watoto wako wote wana moyo kama wako. Nilimpigia Kamau palepale. "Wachana na hiyo story," akasema. "Wazee walishapumzika." Alimkana mama yake mzazi mbele ya mnunuzi, na kwenye simu sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Yule mgeni ndiye aliyemwambia dereva azime trekta. "Weka waya, mathe. Hiyo kona sitalima." Nilimshukuru, na niliona aibu kuipokea huruma hiyo kwa mtu asiyetujua.

Jana nilimaliza kuweka waya. Siku ile tulipomzika mama, ulikanyaga nyasi upande wake wa kushoto ukasema hapo patakuwa pa kulazwa Kamau. Nilipofika hapo na waya, nilikunja kona. Nafasi yake imebaki nje, na ngano tayari imepandwa juu yake.

Pumzika, kama utaweza.

Binti yako